Siku yangu ukumbini: watu 28 wasiojuana

Saa 2:00 asubuhi. Ukumbi wa kata, nje kidogo ya Morogoro mjini. Mimi ni mwezeshaji, na leo nina viongozi 28 wa vikoba, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, kutoka vijiji vinne. Kila kijiji na benchi lake. Mweka hazina mmoja kapakata mkoba wake kama mtoto mchanga.

Saa 3:00. Kujitambulisha. Vyeo sivitaki, ukianza navyo, mwenyekiti atabaki mwenyekiti mpaka jioni. Naomba jina, nani alikupa, na kwa nini. Mzee aliyeingia kanuna akasema jina lake ni la dereva wa lori aliyempa mama yake lifti kwenda hospitali. Alizaliwa humo humo garini. "Dereva mwenyewe sijapata kumwona hadi leo!" Ukumbi ukaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote.

Saa 5:00, baada ya chai. Mchezo wa "Meli inazama". Natangaza, "Mtumbwi wa watu watano!", wanakimbilia kushikana watano watano, anayebaki nje kazama. Hapa nilichemka. Kijana mmoja alirudi nyuma mpaka ukutani. Mwenzake akaninong'oneza: "Mwalimu, yule mama wa kitenge cha kijani ni mkwewe." Kumkumbatia mama mkwe mbele ya watu! Nikatangaza haraka kwamba meli imefika bandarini salama.

Nikawapanga mstari kwa mwezi wa kuzaliwa: Januari mlangoni, Desemba dirishani, bila kutamka neno. Ni vidole tu. Asiyejua mwezi wake anaigiza msimu. Bibi mmoja akajifunika kichwa kwa khanga kama anakimbia mvua, wakamsogeza kwenye masika.

Saa 8:00. Wali maharage umeleta usingizi. Mchezo wa "Nyama, nyama, nyama!" Nataja mnyama, akiwa wa kuliwa, unaruka na kuitikia "Nyama!" Ng'ombe, wakaruka. Paka, wawili wakaponyoka, kelele. Kitimoto, yaani nguruwe, sikitaji kamwe, ukumbi una dini zaidi ya moja. Kumbikumbi ndio walioniponza: nusu waliruka, nusu wakagoma, ubishi ukala dakika kumi za somo la mikopo.

Saa 10:00. Mabenchi yamechanganyika. Mweka hazina anataka kutoka nje mara moja. Anamgeukia mama wa kijiji kingine: "Dada, nishikie mkoba."