Siku moja maishani mwangu: nachora msitu wa theluji nikiwa Mji Mkongwe

Saa 11 na nusu alfajiri nishasali, nakunywa chai na mkate wa kumimina uliobaki jana, napanda juu chumba cha kazi. Leo ni picha ya msitu wa theluji na mto katikati, kaagiza bi mmoja wa hapahapa Unguja aliyekaa Sweden miaka mingi, kaniletea na foto zake. Mie theluji sijawahi kuikanyaga. Ila maji nayajua, na nusu ya picha hii ni maji.

Saa 1. Napaka mkono wa kwanza, mwembamba, rangi ya mafuta nimeizimua kwa tapentaini, buluu na hudhurungi tu, nione giza liko wapi na mwanga wapi. Mafuta ya kitani naongeza kwenye mikono ya juu, maana ukigeuza, juu panakauka mwanzo huku chini bado, mwisho picha inapasuka.

Saa 3 theluji. Hapa wengi wanakosea, wanaminya tyubu nyeupe wanapaka hivohivo, inatoka kama ukuta wa chokaa! Theluji ya kivulini inachukua rangi ya mbingu, kwa hivo nyeupe naichanganya na ultramarini, ile buluu iliyokoza, na siena ya kuchoma kidogo, ile hudhurungi yenye wekundu, nyeupe yenye manjano kwa mbali naiweka pale tu jua linapogusa. Na jua la kule msimu wa baridi linakaa chini hata mchana, vivuli virefu, vinalala juu ya theluji kama mikeka.

Saa 5 miti, haraka. Nyeusi ya tyubu situmii, ultramarini na siena zinanitosha.

Saa 7 mpwa wangu karudi skuli. "Mjomba, mbona theluji buluu?" Nikamwambia rudi nyuma mpaka mlangoni. Karudi, kaangalia, kimya, halafu "kumbe nyeupe". Nimefurahi hasa.

Saa 8 na nusu, tushakula, sasa maji. Hii nimejifunza Chwaka kwenye mikoko, maji yakijaa na upepo umetulia nilikuwa nakaa naangalia tu. Kivuli cha mti majini si mti uliopinduliwa, kwa sababu wewe uko juu ya maji, kile kivuli kinakuonesha tumbo la matawi ambalo ukiangalia mti wenyewe hulioni. Halafu cheupe majini kinafifia na cheusi kinapungua weusi, kwa hivo theluji ya majini lazima iwe na giza kidogo kuliko ya ukingoni. Navuta rangi kutoka juu kushuka chini moja kwa moja, kisha brashi kavu naipitisha kwa mlalo, mkono mwepesi kabisa, mara moja, basi. Madukani mtaa wa Gizenga wananiuliza kwa nini sichori Tingatinga, na ile naiheshimu sana, lakini rangi yake ya enameli inakauka upesi, mie nataka rangi ibaki mbichi niweze kuilainisha.

Saa 1 usiku nikamtumia bi foto kwa WhatsApp. Kajibu: nzuri sana mwanangu, ila pale theluji inapokutana na maji kunakuwa na utando wa barafu, mwembamba, wa kijivu.

Rangi bado mbichi. Nikawasha taa, nikarudi ukingoni na brashi ndogo.