Siku Babu Alipoingia Ngomeni

Nilipokuwa mdogo, Ngome ya Lamu ilikuwa gereza. Tulicheza Mkunguni, uwanja ulio mbele yake, chini ya miti, ila ule mlango mkubwa hatukuusogelea. Gereza lilipofungwa mwaka 1984, jengo likakabidhiwa Makumbusho, likakarabatiwa, na taratibu likawa letu sote: maonyesho, maktaba, mikutano, hata harusi. Babu peke yake hakukanyaga. Kwake palibaki mahali ambapo mtu haingii kwa hiari.

Alasiri moja nikamwomba anisindikize kurudisha kitabu. Akanifuata kimya, bakora mkononi. Kijana wa mlangoni akaamkia, "Shikamoo Babu, karibu ndani." Babu akaitikia, akasema Bismillahi, akavuka kizingiti.

Nilidhani atatazama picha na vyombo vya kale. Wapi! Macho yake yalikwenda moja kwa moja darini. Ujana wake wote aliumaliza kwenye mikoko ya Mkunumbi na Dodori, akikata boriti. Akanyoosha bakora, akaanza kutaja miti kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Wanafunzi wawili wakaacha vitabu, wakamsogelea. Akawaeleza kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za Amu, yaani Lamu, ni vyembamba: dari la mawe na chokaa ni zito, na boriti haihimili likizidi upana wa mita tatu hivi. Kwa hiyo mti wa mkoko ndio uliompimia fundi chumba.

Nimesoma kwamba ngome hii ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela, kwa msaada wa Oman. Masultani nawajua kwa majina. Sijapata kusoma jina la hata mkata boriti mmoja, na hilo linaniuma hadi leo.

"Korija moja ya boriti ni miti mingapi, Babu?" mtoto mmoja akauliza.

"Ishirini. Unahesabu korija zako, unapakia, halafu unangoja bamvua, maji yajae hata mlangoni mwa mto, ndipo jahazi litoke. Ukikosa maji hayo, utalala na mbu."

Yule kijana wa mlangoni alikuwa keshaleta kiti na daftari, anaandika. Tulipoaga, akamwuliza Babu kama atarudi.

"Kesho, inshallah. Nitawaletea shoka langu mulione."

Akalileta kweli, limefungwa kwenye kikoi, mpini wake umelainika kwa kushikwa.