Siku moja ya delege wa sendika (chama cha wafanyakazi), miaka 30 na kidogo kazini

Saa kumi na moja asubuhi simu imeshaita mara mbili. Hapa Katuba, Lubumbashi, umeme umekatika, naoga kwa tochi, mama watoto anasema hiyo simu itakuzika, simjibu, ana haki.

Saa moja niko ndani ya taksibisi, terrikoni, ule mlima wa mabaki ya kiwanda cha shaba, inaonekana kule na mnara wake. Nikiiona namkumbuka muzee wangu akisimulia ya 1941, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, waligoma wakitaka mshahara uongezwe, Desemba 9 askari wakawafyatulia risasi, na Léonard Mpoyi aliyewasemea akauawa. Ndiyo maana kijana akiniambia sendika ni watu wa kula michango tu nanyamaza kwanza (wengine wanakula kweli, tusidanganyane).

Saa tatu, ofisini. Meza moja na feni isiyozunguka. Dereva wa lori ananingoja, barua kaikunja mara nne mpaka imechanika. "Papa delege, balinifukuza, banasema njo fote lurde." Yaani kosa zito. Lori liligonga geti. Namuuliza kitu kimoja, patron, bosi wake, alijua lini? "Siku ile ile, alikuwa anasimama pale!" Basi tunashusha kalenda ya parokia ukutani, tunahesabu kwa biki, Jumapili tunaruka, mpaka tarehe ya barua. Siku 23 za kazi. Sheria ya kazi ya 2002 inampa patron 15 tu za kuandika barua tangu ajue kosa.

Saa tano tuko kwa mwajiri, tunakalia benchi mpaka saa nane. Kazi yangu nusu ni benchi. Nilipochaguliwa 1993 ningepiga kelele, tulikuwa bado na moto, zamani zote ilikuwa sendika moja tu, UNTZA, mpaka 1990 milango ikafunguka, kila mtu akaunda sendika yake. Leo naweka kalenda mezani tu. Mkubwa wa personeli anahesabu, anarudia kwa kidole, anauliza Jumamosi nayo inahesabiwa? Tunaitoa Jumamosi, bado 15 imepita. Anasema rudini Alhamisi.

Bukari na kapenta (ugali na dagaa), haraka.

Saa kumi na moja jioni kilio kule Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, mwenzetu wa zamani. Mjane ananivuta pembeni kuuliza dosie ya pensheni, namwambia alete cheti cha ndoa.

Saa tatu usiku simu tena, dereva. Alhamisi avae koti? Avae, na ile barua asiikunje tena.