Nyumba za watu wa kipato kidogo kwenye ardhi ya kanisa: tunavyofanya huku Mufindi, Iringa

Ardhi ya kanisa inaonekana ya bure, ndiyo maana kamati nyingi zinakimbilia tofali. Sisi tunaanza na karatasi. Kabla hata ya kufyeka, tunaomba nakala ya hati na kusoma mambo mawili: jina la mmiliki na matumizi yaliyoandikwa.

Jina mara nyingi si la usharika. Ni la Bodi ya Wadhamini ya dayosisi au jimbo, iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kwa hiyo mchungaji, hata awe na nia njema kiasi gani, hana mamlaka ya kumkatia mtu kiwanja, na ahadi yake ya mdomo inahama naye siku akihamishwa kituo. Kinachotakiwa ni muhtasari wa kikao cha wazee wa kanisa, barua ya kwenda dayosisi, na azimio la wadhamini lenye saini na mhuri. Bila azimio hilo hatununui hata mfuko mmoja wa saruji.

Matumizi nayo yana mtego wake. Hati ikisema ibada au elimu, nyumba za kuishi ni matumizi mengine, na kuyabadili ni kazi ya halmashauri kupitia ofisi za ardhi na mipango miji. Eneo likiwa la kijiji na halijapimwa, mnaanza na halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, hata kama wazee wanasema kanisa lipo pale tangu enzi za wamisionari. Na kama kuna waumini wanaolima hapo, malizaneni nao mapema: wavune kwanza, muandikishane kwamba walikaribishwa kulima. Anayelima kwa ruhusa ana hali tofauti kisheria na anayelima kama mwenye mali, na dhidi ya huyo wa pili ukomo wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12.

Familia tunaipa mkataba wa pango wa muda mrefu. Ardhi inabaki ya wadhamini. Mkataba unataja vipimo vya kiwanja (sisi tunatumia mita 20 kwa 20), majina ya mume na mke wote wawili, nani anaendelea mmoja akifariki, na kama wanaweza kupangisha chumba. Kifungu kinachosahaulika ni cha thamani ya nyumba: familia ikiondoka, inalipwa nini kwa tofali ilizofyatua yenyewe? Kikikosekana, ugomvi unakuja, na unakuja kwa watoto, si kwa wazazi waliosaini.

Sasa fedha za ujenzi. Ruzuku ndogo haijengi nyumba nzima, na anayewaahidi watu hivyo atawaachia magofu. Sisi tunailipia vile tu ambavyo familia haiwezi kuvitoa kwa mikono yake: saruji, nondo, bati, misumari, fremu. Familia inaleta mawe, mchanga, maji, udongo, na vibarua wa kusaidia fundi. Fedha haipiti mkononi mwa familia wala mwa fundi. Tunalipa duka moja kwa moja, kwa risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), kwa hatua tatu: msingi, lenta (mkanda wa zege na nondo juu ya kuta), paa. Hatua inayofuata haifunguliwi mpaka wajumbe wawili wakague na kusaini. Usinunue saruji ya hatua zote kwa mkupuo kwa sababu tu bei ni nzuri. Kwa unyevu wa huku, saruji iliyokaa stoo miezi mitatu inaanza kufanya mabonge.

Wengi wananiuliza kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ule ni mkopo usio na riba wa kuendesha shughuli ya kikundi, si ruzuku ya nyumba. Kikundi cha vijana kinaweza kuuombea mashine ya kufyatulia tofali, kisha ruzuku yenu ikawa mteja wao. Hapo unafaa sana.

Sasa tofali. Tunatumia za kufungamana, za udongo na saruji, sentimita 30 kwa 15 kwa 10, kwa mashine ya mkono. Za kuchoma ni nzuri, ila zinakula kuni. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali 33. Nyumba ya kuanzia ya mita 6 kwa 5, ukuta mmoja wa ndani na kimo cha mita 2.7, pamoja na pembetatu za paa inataka kama 2,500 ukiweka na za kuvunjika. Mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa ndoo 22 hivi za lita 20 za udongo unatoa tofali 60 hadi 65, kwa hiyo andaa mifuko 40 kwa tofali peke yake.

Udongo wa juu wenye mizizi unatupwa. Chimba chini ya nusu mita. Mwekundu wetu una mfinyanzi mwingi na tofali zake zinapasuka zikikauka, hivyo ongeza mchanga. Chekecha kwa wavu wa milimita 5 au 6. Changanya vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji. Kupima maji, finyanga donge la kujaa kiganja, liachie lianguke toka usawa wa kifua kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, sawa. Likisambaa kama unga, maji hayajatosha. Likibaki bapa, yamezidi. Mchanganyiko uishe ndani ya saa moja. Uliolala usiuongezee maji, umeshakufa.

Kinachoharibu tofali nyingi huku ni upepo mkavu wa Julai. Baridi ipo, jua halichomi, watu wanadhani tofali ziko salama wazi. Upepo unanyonya maji kabla saruji haijashika, na baada ya wiki kona inamomonyoka kwa kukwaruzwa na ukucha. Zipange kivulini, funika kwa nailoni siku hiyohiyo, mwagilia siku saba, usizijengee kabla ya wiki mbili. Baridi ikikaza, ngoja nne.

Msingi ni wa mawe, na uinuke walau sentimita 30 juu ya ardhi ili mvua inayoruka isifikie tofali. Juu yake tandika nailoni nzito kabla ya kozi (mstari wa tofali) ya kwanza. Lenta izunguke nyumba yote pamoja na ukuta wa kati: nondo nne za milimita 10, ambazo kwa nyumba hii ni vipande 10 vya mita 12.

Kwenye paa watu wanabana pesa pasipofaa. Mwinuko ukiwa nusu mita kwa kila mita, bati la mita 3 linaacha upenu usiofika sentimita 20, na ukuta wa udongo utaoga kila mvua. Agiza yakatwe mita 3.5, vipande 22, upate upenu wa sentimita 60. Upenu mrefu unashikwa zaidi na upepo, kwa hiyo waya wa kufungia kenchi (fremu za mbao za paa) uzamishwe kozi tatu chini ya lenta wakati wa kujenga, si kugongewa misumari baadaye. Mbao za paina za Mafinga zipo tele, ila chukua zilizokauka na kutiwa dawa.

Kalenda inafuata mvua, ambayo huku ni ya msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili. Tofali Juni na Julai, msingi Agosti, ukuta Septemba, bati kabla ya katikati ya Novemba. Ukuta ambao haujafika lenta Oktoba ikiisha, usiukimbize. Funika kozi ya juu kwa nailoni na mawe, tandaza majani chini ya ukuta yazuie matone kuruka, na fedha ya bati ibaki benki mpaka Mei.