Kumlea mtoto ambaye mifupa yake huvunjika kwa urahisi

Binti yetu ana ugonjwa ambao madaktari huuita osteojenesisi impafekta, na ambao sisi nyumbani huuita tu ugonjwa wa mifupa. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, kwa hiyo haishangazi kwamba wengi wa waliomhudumia alipokuwa mchanga walikuwa hawajawahi kumwona mgonjwa wa namna hii. Wanaotujulia hali hudhani kwamba kinachotuchosha ni kuvunjika kwenyewe. Kuvunjika kunauma, na usiku wake ni mrefu, lakini mfupa huunga. Kinachoielemea nyumba ni hofu ya siku zile ambazo hakuna kilichovunjika, na hofu hiyo ilikaribia kumdhuru mtoto kuliko ugonjwa wenyewe.

Mfupa si madini matupu. Ndani yake mna nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo huuwezesha kuhimili mzigo bila kukatika, na kwa wagonjwa wengi kasoro imo katika mojawapo ya jeni mbili, COL1A1 au COL1A2, zinazouelekeza mwili jinsi ya kuzitengeneza. Ndiyo maana maziwa na vidonge vya kalisi tulivyohimizwa na kila aliyekuja kututazama, kwa mapenzi mema kabisa, visingeweza kumponya: kila mfupa unavihitaji, ila haviwezi kurekebisha nyuzi zilizoumbwa vibaya. Weupe wa macho yake una rangi ya buluu hafifu. Wageni walikuwa wakiisifu rangi hiyo, hadi daktari mmoja wa watoto alipoiona, akanyamaza kidogo, kisha akaagiza picha za eksirei za mwili mzima.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshukiwa. Mfupa wake wa paja ulivunjika wakati wa kubadilishwa nepi, nasi tukahojiwa mmoja mmoja, mimi katika chumba kimoja na mume wangu katika kingine. Siwalaumu kwa kuuliza, kwa sababu mtoto ambaye hata hajaanza kutambaa akivunjika paja ni lazima mtu aulize, na hospitali isiyouliza ningeiogopa zaidi. Kilichotuuma ni kwamba vipimo vilipotoa jibu, hakuna aliyerudi kutuambia kwamba shaka imeondoka. Ndugu nao walianza kuchunguza ugonjwa umetoka ukoo wa nani. Haukutoka ukoo wowote: kwa binti yetu, kama ilivyo kwa watoto wengi wa aina hii, badiliko la jeni lilianza kwake mwenyewe.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetufundisha kumshika. Wakati wa nepi mtoto hainuliwi kwa vifundo vya miguu. Unapitisha kiganja chini ya makalio, vidole vikiwa vimetanuliwa, ukamnyanyua kidogo tu. Habebwi kwa kushikwa kwapani wala havutwi mikono ili akae. Kumvika shati, unaingiza mkono wako katika mkono wa nguo kuanzia upande wa nje, unaikumbatia ngumi yake kwa vidole vyako, kisha unaisogeza nguo impandie, badala ya kuuvuta mkono wake. Mama mkwe wangu, ambaye amelea watoto wengi kuliko yeyote kati yetu, alikataa kumgusa mjukuu wake kwa muda mrefu. Tulipoanza kumketisha bibi kwanza, ndipo tukamlaza mtoto mapajani pake, woga ulimwisha taratibu, na siku hizi ni yeye anayewakaripia wageni wanaomwinua vibaya.

Mume wangu yeye aliona salama ni kumlaza mtoto katikati ya mito na kumwacha hapo. Nilimwelewa, na kwa siku kadhaa za mwanzo nilimuunga mkono. Lakini mfupa usiobeba uzito hupoteza nguvu, misuli isiyotumika husinyaa, na mvunjiko unaofuata huja kwa sababu ndogo zaidi, hivyo kumtuliza mtoto kupita kiasi ni kumwandalia mvunjiko mwingine. Tulibishana sana juu ya jambo hili, wakati mwingine mbele ya kaka yake, ambaye tayari alikuwa amejifunza kumchezesha akiwa amelala kifudifudi sakafuni uso kwa uso naye. Mazoezi ndani ya maji ya uvuguvugu ndiyo yaliyotupatanisha, kwa kuwa maji humpunguzia uzito, na baba yake alimwona akipiga miguu kwa nguvu ambayo hatukujua kwamba anayo.

Dawa zipo, ingawa haziponyi. Mwaka 1998 daktari Francis Glorieux na wenzake wa Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya watoto wenye hali kali waliopewa pamidronate kwa dripu, ambao maumivu yao na idadi ya mivunjiko vilipungua. Dawa za kundi hilo huzizuia seli zinazomega mfupa, basi mfupa uliopo hudumu zaidi, ila kolajeni hubaki na kasoro ile ile. Dripu ya kwanza ilimletea homa, jambo ambalo tulikuwa tumeonywa. Akikua huenda akawekewa vyuma ndani ya mifupa ya miguu, vya aina inayorefuka kadiri mtoto anavyorefuka; hilo tumeliachia wakati wake.

Sasa anaanza shule, na tumeandika barua kwa walimu. Tumeeleza kwamba asinyanyuliwe na mtu ambaye hajafundishwa, na kwamba akisema mfupa umevunjika aaminiwe, eneo hilo litulizwe kwa banzi lililo katika mkoba wake, nasi tupigiwe simu mara moja. Shule ilipendekeza abaki darasani wakati wa mapumziko ili asigongwe na wenzake. Baba yake ndiye aliyejibu, kwa maandishi, kwamba mtoto atatoka nje kama wengine, na kwamba anachoomba ni mtu mzima mmoja awe karibu.