Maji moto, nailoni nyeusi na mizani: tulivyoacha kuuza embe kwa mti hapa Mkuranga

Mlionishauri nipige dawa kila wiki, nawasalimu. Niliwasikiliza msimu mzima, hela ikaenda, na funza wakaendelea kunenepa ndani ya embe dodo zangu. Muuza pembejeo kila nikirudi ananiambia, "Ongeza dozi, mzee." Inzi wa matunda akishataga chini ya ganda, dawa unayopiga juu haimfikii funza aliye ndani. Hilo hakulisema, maana yeye biashara yake ni chupa.

Huyu inzi si yule tuliyekua naye. Katoka Asia, Kenya walimgundua mwaka 2003, na kwetu akaonekana mwaka huohuo. Madalali wanamfahamu kuliko bwana shamba. Wanakuja miembe ikiwa na maua, wanazunguka shina, wanataja bei ya mti mzima. Ukikataa: "Subiri inzi wako, utanipigia mwenyewe." Na kweli tulikuwa tunawapigia simu.

Jamaa mwingine akaniletea chambo cha kuning'iniza kwenye chupa tupu ya maji. Ilijaa inzi hadi nikaipiga picha nikawatumia watoto Dar. Kumbe chambo kile kinavuta madume peke yao! Majike wako juu wanataga kwa raha zao. Sikitupi, kinaonyesha inzi wamefika lini, na mkitega kijiji kizima kinapunguza. Ila ukitega peke yako unawakaribisha wa jirani. Kenya walijizuia wenyewe kupeleka embe Ulaya kuanzia 2014 hadi 2021 kwa sababu ya mdudu huyu, na wakulima wa kaunti yao ya Makueni waliporudi sokoni walikuwa wanamdhibiti kwa maeneo mazima.

Basi nikasimama baada ya swala ya Ijumaa nikaomba kitu kimoja tu: maembe yaliyoanguka yasilale chini. Funza hutoka ndani ya embe lililooza, anajichimbia mchangani, anatoka akiwa inzi. Tukawa tunayaokota asubuhi, tunayafunga ndani ya nailoni nyeusi, juu na chini, yanachemka juani. Watoto tuliwapa mia mia kwa ndoo. Bi mkubwa mmoja wa mpakani mwangu alikataa kabisa: "Embe langu likioza, lioze kwangu." Sikubishana naye. Nilimpasulia moja palepale barazani, mezani kwake, na funza wa inzi huyu wanaruka. Kesho yake alikuwa ananidai nailoni.

Sasa maji moto, yaani wale chungu wekundu wanaoshona majani. Tunawajua tangu kwenye mikorosho na minazi, na wengi tunawachoma moto. Mimi niliona mwembe wangu mmoja uliokaliwa nao hauna funza kama mingine. Inzi akitua wanamkimbiza, na harufu wanayoiacha kwenye tunda yeye haipendi. Nikataka niwahamishie miti yote. Fundi mmoja wa zamani wa mashambani akaniambia kiota ni kiota, chukua popote. Mpwa wangu akazunguka na pikipiki, kiota hiki katoa kwenye mikorosho ya Vikindu, kile kwenye mchungwa wa barabarani, tukavifunga mwembe mmoja jioni. Asubuhi ilikuwa vita ya Kagera pale juu! Wameshikana miguu, wamevutana, maiti zimejaa kwenye shina, na walionusurika wakashuka kutushughulikia sisi. Mpwa alivua shati mbele ya wakwe zake.

Viota lazima vitoke kwenye ukoo mmoja, maana wageni wanauana. Kata alfajiri, kungali na baridi na wote wamo ndani, utie kwenye gunia ufunge haraka. Malkia yuko kiota kimoja tu, hivyo kusanya vyote vya ukoo ule. Kisha unaunganisha miti kwa kamba ya katani wapite juu, wasikutane na chungu wa ardhini. Kamba niliipata bandarini kwa mtu, haikunigharimu kitu. Siku ya kutungua unajipaka jivu mikono hadi mabegani. Utang'atwa, lakini kidogo. Wanafuga vidugamba pia, hilo silifichi. Na dawa usahau, ukipiga umewaua wao kwanza.

Kuuza ndiko kulikokuwa rahisi, ajabu. Tuliazima mizani, tukakubaliana hakuna anayeuza mti. Tunatungua kwa upembo wenye mfuko, kikonyo kirefu, kisha tunakikata na kuliinamisha embe utomvu udondoke, la sivyo linaungua ganda na mnunuzi analikataa. Kirikuu cha kwanza, kigari cha mizigo kutoka soko la Buguruni, kiliondoka kitupu kwa hasira ya kuuziwa kwa kilo. Cha pili kilipakia. Tulichopata kilikaribia mara mbili ya bei ya mti, na hapo nimetoa za ndoo, nailoni na chai ya vijana.

Kinachotutesa bado ni Desemba: dodo la Mkuranga nzima linaiva pamoja na bei inalala. Kuna miembe mikongwe tumeikata vichwa, machipukizi yakikomaa tunayabebesha embe aina ya Keitt, inayochelewa kuiva. Vijiti vya kubebeshea ndivyo adimu. Mwenye mti mzima wa Keitt upande wa Kisemvule aseme, nitavifuata mwenyewe, na embe la msimu nitampelekea.