Karara la Mpingo

Mwaka 2011 nilikuwa na banda la kuchongea Bagamoyo, na mikono yangu ilikwisha kuzoea mashetani na ile minara ya watu waliopandana. Siku moja akaja dada mmoja aliyekuwa amemaliza kujenga nyumba. Hakutaka kinyago. Alitaka karara la mnazi, lile ganda linalopasuka na kutoa upunga, yaani shada la maua yake, alisimamishe sebuleni. Baba yake alikuwa mgema Pangani. Dada huyo alisomeshwa kwa tembo lililogemwa kwenye makarara kama hayo.

Nikachagua gogo la mpingo la karibu mita moja. Wengi hudhani mti huu ni mweusi wote, kumbe weusi uko moyoni tu. Chini ya gome ni mweupe. Weupe ule niliubakiza kwenye midomo ya mpasuko.

Kazi ilikuwa vijiti vya upunga. Mpingo ni mzito, ukiutupa majini unazama, na unakula makali ya patasi. Lakini ugumu huohuo ndio unaokuwezesha kuchonga kijiti chembamba kama kidole cha mtoto kisivunjike. Nilichonga 14 kwa wiki tano, kila kimoja nikakimalizia kwa kidaka, ile nazi changa kabisa, cha mviringo nchani, kama ushanga. Niliona nimepatia.

Dada akaja na baba yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye vibanzi na kuupapasa upunga ule muda mrefu.

“Fundi, vidaka vimepandaje huku juu?”

Sikumwelewa. Akamtuma kijana mnazini nyuma ya banda, akaangusha karara lililokaribia kupasuka. Mzee akalichana kwa kisu changu. Vidaka vilikuwa shinani mwa vijiti, vichache. Kutoka hapo hadi nchani yalikuwa maua madume tu, madogomadogo. Akayapukusa kwa kiganja, yakamwagika kama mchele.

“Haya huanguka yote,” akasema. “Mnazi haubebi mzigo nchani.”

Nimezaliwa pwani, nimekunywa madafu tangu sijaota meno, na sikuwahi kutazama.

Dada alisema haidhuru, wageni hawatajua. Lakini baba yake angekaa mbele ya kitu kile kila akija kumtembelea binti yake. Na mti ukishautoa hauurudishi. Nikanunua gogo jingine kwa fedha yangu, nikaanza upya, karara bichi likining'inia mbele ya macho yangu. Liliponyauka nikaomba lingine.

Siku ya kulipeleka tulilibeba watu wanne. Mzee alikuwa amefika kabla yetu. Alipitisha kidole kutoka nchani hadi shinani, akahesabu vidaka kimoja kimoja, kisha akaukumbatia upunga wote kwa viganja viwili.

“Yangu yote niliyafunga kamba kabla hayajapasuka,” akamwambia binti yake, na hakuuachia.